Mzamiaji, Linda Masikio Yako



Kama wewe ni mvuvi wa pweza, kamba kochi au kombe, na unazamia kwa pumzi yako tu, makala hii ni yako. Kama wewe huzamii, lakini mumeo, mwanao au ndugu yako anazamia, isome pia. Kisha msomee na yule ambaye bado hajajua kusoma.

Mimi ni bwana shamba. Cheti changu ni cha kilimo, si cha udaktari wala cha uvuvi. Chuoni nilijifunza mihogo, minazi na mikorosho. Lakini vijiji ninavyovihudumia viko pwani. Mkulima wa pwani ana jembe mkono mmoja, na mkuki wa pweza mkono wa pili. Kwa hiyo shida za bahari nazo huletwa kwangu.

Leo nataka kukueleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili wewe usilirudie.

USHAURI WA NUSU

Miaka michache iliyopita, vijana wa kijiji kimoja walinijia baada ya mkutano wa mikorosho. Wakasema, "Bwana shamba, tukizamia masikio yanatuuma kama yanachomwa sindano. Tufanyeje?"

Sikutaka kuonekana sijui. Nilikuwa nimesikia kwamba mtu akibana pua na kupuliza, masikio huzibuka. Nikawaambia, "Baneni pua, pulizeni kwa nguvu mpaka yazibuke." Wakanishukuru. Nikapanda pikipiki yangu, nikaondoka.

Siku za bamvua zilipofika, kijana mmoja alizamia akiwa na mafua. Sikio lake la kushoto likakataa kuzibuka. Akayakumbuka maneno yangu. Akabana pua, akapuliza kwa nguvu zake zote. Akasikia kitu kimelia ndani ya kichwa, na bahari nzima ikaanza kuzunguka. Hakujua juu ni wapi, wala chini ni wapi.

Mwenzake alikuwa juu ya maji akimtazama. Alimwona anapiga miguu kwenda upande, badala ya kupanda. Akazama, akamshika mkono, akamtoa. Kama si mwenzake huyo, tungekwenda kuzika.

Kijana alitapika siku mbili, hawezi kusimama bila kushikwa. Nyumbani walimtia mafuta ya moto sikioni. Walipompeleka hospitali, siku nyingi zilikuwa zimepita. Leo yu hai, na anavua kwa mshipi. Lakini sikio lake la kushoto halisikii tena, na linalia nziii usiku na mchana. Ukitaka kuzungumza naye, lazima ukae kuliani kwake.

Nilikwenda kwao kuomba radhi. Baba yake akaniambia, "Bwana shamba, najua hukumtakia mwanangu mabaya. Lakini ulitupa nusu ya habari. Nenda katafute nusu ya pili, uwaletee wenzake."

Nikaenda. Nilimwuliza daktari hospitalini. Tena nikatoka na ngalawa pamoja na mzee mmoja aliyezamia zaidi ya miaka 30, na masikio yake bado ni mazima. Daktari alinieleza kwa picha ya ukutani. Mzee alinieleza kwa vidole na ulimi wake. Lakini mambo yalikuwa ni yale yale. Nami ninakuletea.

SIKIO LIKOJE?

Sikio lina sehemu tatu.

Sehemu ya kwanza ni sikio la nje. Ni lile unaloliona, pamoja na tundu lake. Mwisho wa tundu hilo pana ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma. Nayo huitwa ngoma ya sikio. Sauti ikiipiga, hutikisika, nawe unasikia.

Sehemu ya pili ni sikio la kati. Liko nyuma ya ngoma. Ni chumba kidogo chenye hewa. Chumba hiki kina mlango mmoja tu, yaani mrija mwembamba unaoshuka mpaka nyuma ya pua. Daktari mmoja wa Italia, Bartolomeo Eustachi, aliueleza mrija huu katika karne ya 16. Hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sehemu ya tatu ni sikio la ndani. Lina maji maji ndani yake. Hili ndilo linalopeleka sauti kwenye ubongo. Ndilo pia linalokuwezesha kusimama wima bila kuyumba. Ndiyo maana sikio la ndani likiumia, mtu huwa kiziwi na hupata kizunguzungu pia.

Sasa meza mate na usikilize. Umesikia mlio mdogo ndani ya masikio? Huo ni mrija unafunguka. Muda mwingi mrija huu umefungwa. Hufunguka unapomeza au unapopiga miayo.

KWA NINI LINAUMA CHINI YA MAJI?

Maji ni mazito. Kadiri unavyoshuka, ndivyo maji mengi zaidi yanavyokulemea. Maji hayo huingia katika tundu la sikio na kuisukuma ngoma ndani. Hewa iliyo nyuma ya ngoma nayo inabanwa na kupungua ukubwa. Ngoma inapinda. Inauma. Ukiendelea kushuka, inachanika.

Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Fanya jaribio hili na kikundi chenu.

Chukua chupa tupu ya maji, ile ya plastiki. Ifunge vizuri kwa kizibo chake. Mpe mzamiaji hodari mwenye masikio mazima ashuke nayo. Akifika pima mbili, ataona chupa imeanza kubonyea. Hapo zaidi ya robo ya hewa imeshabanwa. Akifika pima tano na nusu, yaani mita 10 hivi, hewa iliyo ndani imebaki nusu ya ukubwa wake. Chupa imekunjamana kama embe lililokauka. Akipanda nayo, inarudi kuwa kama ilivyokuwa.

Chumba cha sikio lako ni kama chupa ile. Lakini ngozi yake ni nyembamba kuliko plastiki.

Jaribio hili lina somo jingine. Hewa inapoteza nusu ya ukubwa wake katika pima tano na nusu za kwanza. Ukishuka pima nyingine tano na nusu, inatoka nusu hadi theluthi tu. Maana yake ni kwamba hatari kubwa iko karibu na juu. Wengi hudhani masikio hupasuka kwenye kina kirefu tu. Sivyo. Hata pima mbili au tatu zinatosha kumpasua mtu ambaye hakuzibua.

Kwa hiyo dawa ni moja. Ongeza hewa katika chumba cha sikio kadiri unavyoshuka, ili ndani na nje zilingane. Hewa hiyo unayo tayari, mdomoni na puani. Kazi yako ni kuipitisha katika ule mrija. Hiyo ndiyo maana ya kuzibua masikio.

"LIKIPASUKA MARA MOJA, HUUMWI TENA"

Maneno haya husemwa katika vijiji vingi. Vijana wanaoanza kuzamia huambiwa wavumilie mpaka sikio lipasuke, ndipo wawe wazamiaji kamili.

Si kwetu tu. Wasama-Bajau, watu wa bahari wa Indonesia, Malaysia na Filipino, ni wazamiaji mashuhuri duniani. Imesimuliwa kwamba baadhi yao hupasua ngoma za masikio makusudi wakiwa bado vijana. Wakizeeka, wengi wao husikia kwa shida.

Ni kweli kwamba ngoma ikipasuka maumivu ya kushuka hupungua. Sababu yake ni rahisi. Maji yanaingia pande zote mbili za ngoma, kwa hiyo hakuna cha kuisukuma. Lakini tazama bei yake.

Kwanza, maji ya bahari ni ya baridi kuliko damu yako. Yakiingia ghafla nyuma ya ngoma, kichwa kinazunguka. Ukiwa pima nne chini, bila hewa, kizunguzungu hicho kinaweza kukuua.

Pili, maji huingia na vijidudu. Sikio linaanza kutoa usaha na kunuka. Likizoea kutoa usaha, tundu la ngoma haliwezi kuziba.

Tatu, ngoma iliyotoboka haitikisiki vizuri. Kila mwaka unasikia kidogo zaidi.

Fikiri mvuvi asiyesikia. Haisikii mashine ya boti inayomjia. Hasikii mwenzake akimwita. Sokoni hasikii bei, anapunjwa. Nyumbani mjukuu anamwamkia, "Shikamoo babu," naye yuko kimya. Mtoto anadhani babu amekasirika.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Lakini sikio la mzamiaji halifi kwa kudra tu. Wengi wetu tunaliua wenyewe, na tunaweza kuacha.

JIFUNZE KWANZA NCHI KAVU

Kuna njia tatu za kuzibua. Zote huanza kwa kubana pua kwa vidole viwili.

Njia ya kwanza ni kumeza. Bana pua, funga mdomo, meza mate. Ni njia ya upole. Wengine inawatosha karibu na juu, lakini kina kikiongezeka haitoshi.

Njia ya pili ni kupuliza. Bana pua, funga mdomo, sukuma hewa kutoka kifuani polepole. Daktari wa Italia, Antonio Maria Valsalva, aliieleza njia hii mwaka 1704. Ndiyo niliyowafundisha wale vijana. Si mbaya, lakini lazima iwe ya upole, kama mtu anayepulizia chai. Ukipuliza kwa nguvu, shinikizo hupanda hadi sikio la ndani, na ngozi nyembamba inayolilinda inaweza kupasuka. Ndivyo yule kijana alivyopoteza usikivu wake. Tena ukiwa kichwa chini miguu juu, njia hii ni ngumu, kwa sababu hewa ya kifuani haitaki kushuka kichwani.

Njia ya tatu ni ya ulimi. Hii ndiyo iliyo bora kwa mzamiaji. Daktari wa Ujerumani, Hermann Frenzel, aliieleza mwaka 1938 kwa ajili ya marubani wa ndege, maana nao masikio huwauma ndege inaposhuka. Mzee wangu wa ngalawa hajawahi kulisikia jina hilo. Lakini njia aliyonionyesha ilikuwa ni hiyo hiyo.

Jifunze hivi, umekaa kwenye kiti au mkekani:

1. Weka hewa kidogo mdomoni. Funga mdomo. Bana pua.

2. Funga koo, kama mtu anayejikaza kuinua gunia. Hewa ya kifuani isitoke.

3. Sasa fanya kama unataka kutamka herufi K, lakini bila sauti. Utaona nyuma ya ulimi inapanda na kusukuma hewa.

4. Pua yako itatuna kidogo chini ya vidole. Masikio yatalia tak. Yamezibuka.

Weka mkono mwingine juu ya tumbo. Kama tumbo linasukuma, bado unatumia kifua. Rudia tena. Tumbo na kifua vitulie, ulimi peke yake ufanye kazi.

Usikate tamaa. Mimi ilinichukua siku nyingi kuiweza. Nilikuwa nikifanya mazoezi shambani, kivulini, wakulima wakinicheka. Fanya kidogo asubuhi na kidogo jioni, kwa upole. Kama unaumwa, acha. Herufi K uliyojifunza darasani sasa ina kazi nyingine: inalinda sikio lako.

NDANI YA MAJI

Ukiweza nchi kavu, nenda majini. Fuata mambo haya.

1. Zibua mara moja ukiwa bado juu, kabla ya kushuka. Ikikataa juu, itakataa na chini.

2. Zibua mapema, wala usingoje maumivu. Hili ndilo kosa la wazamiaji wengi. Wanashuka pima mbili, wanaumwa, ndipo wanabana pua. Wakati huo mrija umeshabanwa na kufungwa, na hewa haipiti tena. Mzee aliniambia, "Mlango hufunguliwa kabla mgeni hajausukuma."

3. Zibua kila mikono miwili, yaani kila mita moja. Karibu na juu zibua mara nyingi zaidi, maana hapo ndipo hewa inapobanwa upesi.

4. Anayeanza ashuke miguu mbele, akishika kamba ya nanga kwa mkono mmoja na pua kwa mkono wa pili. Kushuka hivyo ni rahisi kwa masikio. Akishazoea, ndipo ashuke kichwa mbele.

5. Ukishuka kichwa mbele, usiinue kidevu kutazama chini ulikokuwa unakwenda. Shingo ikipinda nyuma, mrija hufunguka kwa shida. Tazama mbele yako, kama mtu aliyesimama.

6. Sikio likikataa, simama. Panda mikono miwili, ujaribu tena kwa upole. Likikataa tena, panda juu kabisa. Usilazimishe. Pweza yule atakuwepo kesho. Na kama hayupo, watakuwepo wengine.

7. Unapopanda, usibane pua wala usipulize. Hewa hutoka yenyewe. Ukihisi sikio limejaa, meza mate na upande polepole.

8. Usizamie peke yako. Mmoja azame, mmoja awe juu akitazama. Wala usihemehu haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ili ukae chini sana. Kufanya hivyo huficha hamu ya kupumua, na mtu hupoteza fahamu bila kujua. Kumbuka kwamba yule kijana aliokolewa na mwenzake.

MIWANI NA PAMBA

Miwani ya kuzamia nayo ina hewa ndani yake, na hewa hiyo hubanwa vilevile. Chagua miwani inayofunika macho na pua pamoja, yenye pua laini unayoweza kuibana kwa nje. Unaposhuka, toa hewa kidogo puani iingie katika miwani. Usipofanya hivyo miwani hunyonya uso, na macho huvilia damu.

Miwani midogo ya kuogelea, ile inayofunika macho tu, si ya kuzamia. Huwezi kuitia hewa.

Tena usizibe masikio kwa pamba, nta, mpira au kitambaa unapozamia. Wengine hudhani wanazuia maji. Kumbe wamefungia hewa kidogo kati ya kizibo na ngoma. Hewa hiyo hakuna njia ya kuiongeza. Ngoma huvutwa kwa nje, au kizibo husukumwa ndani.

SIKU YA KUTOZAMIA

Usizamie ukiwa na mafua, kikohozi chenye makamasi mengi, homa, au sikio linalouma. Mafua huvimbisha mrija, nao hupitisha hewa kwa shida au haupitishi kabisa.

Najua utasema, "Bwana shamba, bamvua haingoji. Mnunuzi yuko pwani. Watoto wanataka daftari." Ni kweli, na ni neno zito. Lakini tufanye hesabu pamoja. Bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili hivi. Ukipumzika bamvua moja, umekosa siku chache. Ukipasua sikio, utakaa wiki nyingi bila kuzamia, utalipa nauli na dawa, na pengine hutazamia tena. Ipi hasara kubwa?

Siku hizo fanya kazi nyingine. Tembea mwambani maji yakipwa, vua kwa mshipi, tengeneza chombo, palilia mihogo. Kazi ya bwana shamba siwezi kuisahau.

Wala usimeze dawa ya kufungua pua ili uweze kuzamia na mafua. Dawa inaweza kukwisha nguvu ukiwa chini. Hapo hewa iliyoingia sikioni haina njia ya kutoka.

SIKIO LIKIUMIA UFANYE NINI?

Kama sikio limepasuka ukiwa chini na kichwa kinazunguka, usipapatike. Shika kamba au mwamba kwa kitambo kidogo. Tazama mapovu yako. Yanakokwenda ndiko juu. Yafuate. Mara nyingi kizunguzungu cha namna hii hupungua upesi, maji ya sikioni yakipata joto la mwili. Ukitoka, panda chomboni, na siku hiyo usizamie tena.

Baada ya hapo:

Usitie kitu chochote sikioni. Si mafuta ya nazi, si mafuta ya taa, si maziwa ya mama, si dawa ya matone uliyopewa na jirani. Kama ngoma ina tundu, kila unachotia kinaingia ndani.

Usichokoe kwa njiti wala unyoya wa kuku.

Usiingize maji. Unapooga, weka pamba yenye mafuta ya mgando mlangoni mwa sikio, kisha itoe. Pamba hii ni ya kuogea tu, si ya kuzamia.

Usipenge kamasi kwa nguvu.

Nenda zahanati au kituo cha afya ukaangaliwe. Ngoma iliyochanika kidogo mara nyingi huziba yenyewe kwa wiki kadhaa, hata miezi miwili, ikiwa kavu na safi. Usirudi kuzamia mpaka mganga ameangalia na kusema imepona.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona moja ya dalili hizi:

- kizunguzungu au kutapika kusikokwisha;
- kusikia kumepungua ghafla;
- mlio sikioni usiokoma;
- uso kupinda au kulegea upande mmoja;
- damu nyingi au usaha.

Dalili hizi zaweza kuwa za sikio la ndani. Sikio la ndani halingoji. Ukikawia siku nyingi, daktari huenda asiweze kukusaidia. Mwambie wazi, "Niliumia nikizamia," ili ajue pa kuangalia.

SIKIO SAFI

Hata sikio lisilopasuka huugua kwa sababu ya kukaa na maji. Tundu huwasha, huvimba, na ukilivuta sikio linauma. Ili kujikinga, ukitoka baharini inamisha kichwa upande mmoja, maji yatoke, kisha upande wa pili. Oga kwa maji baridi safi. Futa sikio la nje kwa kitambaa safi. Acha likauke lenyewe. Nta iliyomo sikioni si uchafu, ni kinga. Usiikwangue.

NENO LA MWISHO

Makala hii ni kwa anayezamia kwa pumzi yake. Anayetumia mtungi au mpira wa kompresa hupumua hewa iliyobanwa, nayo ina hatari nyingine kubwa zisizoandikwa hapa. Asizamie bila mafunzo.

Nilipomaliza kujifunza nilirudi katika kijiji kile. Tulikaa chini ya mkungu, vijana 11, mzee wangu wa ngalawa na mimi. Yule kijana aliyeumia alikuja pia. Nilimwomba akae mbele, kuliani. Mzee alifundisha ulimi, mimi nilichora sikio kwenye mchanga. Kisha kijana mwenyewe alisimama akawaambia wenzake maneno machache: "Sikio likikataa, pandeni. Mimi sikupanda."

Nami nakuachia maneno hayo hayo, ndugu msomaji.

KUMBUKA

1. Zibua kabla ya kuumwa.
2. Tumia ulimi, usitumie nguvu.
3. Likikataa, panda.
4. Una mafua, usizame.
5. Mmoja chini, mmoja juu.
6. Sikio likiumia, lisitiwe kitu. Nenda kwa mganga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini sikio huuma hata kwenye pima mbili tu?
2. Kijijini kwenu ni wazee wangapi waliozamia wakiwa vijana na sasa hawasikii vizuri? Waombeni wawaeleze ilivyokuwa.
3. Ni nani kati yenu anayezibua vizuri bila kutumia nguvu? Anaweza kuwafundisha wengine siku gani?
4. Kikundi chenu kitamsaidiaje mzamiaji mwenye mafua siku za bamvua, ili asilazimike kuzama?